Picha ya matuta ya mchanga imetoka bapa: dalili, sababu na tiba

Toka kijiji cha Shela, ifuate pwani mpaka nyumba ziishe, bahari ikiwa mkono wa kushoto, na matuta yatakuwa yanainuka mkono wa kulia. Macho yanaona vilima. Usiku ukifungua picha unaona shuka lililotandikwa. Hayo ndiyo malalamiko ninayoyasikia kuliko yote, kutoka kwa watu wanaorudi Lamu, Mambrui na Olduvai ya Tanzania, hata kwa ndugu zetu wa Muscat wanaokwenda kulala jangwani siku za mapumziko. Kamera wanazozilaumu ni za kila aina na za kila bei.

Mara chache kamera ndiyo yenye kosa. Mchanga una rangi moja toka chini hadi kileleni. Hauna mlango, dirisha wala tawi la mti la kuliongoza jicho. Kinachouchora ni kivuli peke yake. Ndiyo maana katika mwongozo huu nimekaa sana kwenye kivuli, na mengine nimeyapitia haraka zaidi.

Nitaazima maneno mawili ya manahodha, kwa sababu yanafaa hapa kuliko mengine ninayoyajua. Upande wa tuta unaopigwa na upepo ni joshini. Upande uliojificha ni demani. Joshini mchanga hupanda taratibu, kwa mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 hivi, nao umeshikana na unatembeka. Demani ndiko mchanga unakomwagika baada ya kuvuka mgongo wa tuta, na mteremko wake hukaribia nyuzi 32 hadi 34, kwa kuwa mchanga mkavu haukubali kusimama zaidi ya hapo, ukizidi, unaporomoka. Namba hizo ziweke kichwani, tutazihitaji sasa hivi.

Dalili: tuta halina umbo, limekuwa uwanja

Sababu ya kwanza ni kwamba jua limeshapanda. Miongozo mingi ya picha inasema upige katika saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza. Wengi wa walioiandika wanaishi mbali na ikweta. London, mwezi Machi, jua hupanda kama nyuzi 9 kwa saa. Lamu, ambayo iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, jua hupanda karibu wima: nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi 1 kila dakika 4. Likichomoza saa kumi na mbili na robo, ikifika saa moja na robo limeshaupita mteremko wa joshini, na vivuli vyote vya miinuko ile ya taratibu vimekwisha. Kwetu, mwanga wa kulala chini ni wa nusu saa, si wa saa nzima. Anayefika saa moja asubuhi akidhani amewahi, amechelewa.

Tiba yake ni kuwa umeshasimama mahali pako, na picha umeshaichagua, kabla jua halijatoka. Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni mwendo wa kama dakika 45 kwa miguu, na matuta mazuri yako mbele zaidi, kwa hiyo ni heri kulala Shela. Jioni ya jana yake nenda ukaangalie mahali bila haja ya kupiga chochote. Gizani matuta yote yanafanana.

Lakini ukichelewa, usifunge begi. Rudi kwenye ile namba ya demani. Kama jua liko nyuma ya mgongo wa tuta, uso wa demani hubaki kivulini mpaka jua lifike karibu nyuzi 33, na hiyo kwetu ni kama saa mbili na dakika kumi baada ya kuchomoza. Joshini imekufa, lakini mgongo bado unakata: upande mmoja mwanga, upande wa pili giza. Tafuta matuta ambayo demani yake imelipa jua kisogo, na una muda wa kutosha.

Hesabu hii ndiyo iliyoniokoa Olduvai. Lile tuta jeusi linaloitwa Mchanga Unaohama ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Limejikunja kama mwezi mwandamo, lina urefu wa kama mita 9 kwenda juu na upana wa kama mita 100, na linasogea magharibi kwa wastani wa mita 17 hivi kwa mwaka. Upepo unaolisukuma hutoka mashariki, kwa hiyo demani yake inatazama magharibi. Lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na safari ya kupanda ukingo wa kreta na kuteremka tena hadi tambarare inakula muda. Wageni wengi huambiwa kwamba mwanga wa asubuhi hawataupata, basi wapange kuja jioni. Ni kinyume chake. Jioni jua la magharibi hulipiga tuta usoni na demani yote hulala. Asubuhi, ukisimama upande wa magharibi kati ya zile pembe mbili, uso wa ndani ni giza tupu mpaka karibu saa tatu, na mgongo umechorwa juu yake kwa mstari mmoja. Nilifika saa mbili na dakika chache, nikiwa nimeshakata tamaa njiani, na kivuli nilikikuta kizima.

Sharqiya ya Oman, ambayo wengi bado wanaiita Wahiba, ina habari tofauti. Jangwa hilo lina urefu wa kama kilomita 180 toka kaskazini hadi kusini na upana wa kama kilomita 80, na migongo yake mikubwa, hasa upande wa Bidiyah, imelala kaskazini kwa kusini. Jua la asubuhi linaikata toka ubavu mmoja, la jioni toka ubavu wa pili. Huko una nafasi mbili kwa siku. Tena mwezi Desemba jua la adhuhuri halizidi nyuzi 44 hivi, wakati Lamu, mwaka mzima, jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 64. Ndiyo sababu picha za mchana za Oman wakati wa baridi bado zina umbo, na aliyejaribu vilevile Shela hakupata kitu.

Sababu ya pili: jua liko mgongoni pako. Sote tumefundishwa hivyo na wapiga picha wa harusi, kwamba jua limpige anayepigwa. Kwa uso wa mtu ni sawa. Kwa mchanga, jua likiwa nyuma yako kila kivuli kinajificha nyuma ya kitu kilichokitupa, na huoni hata kimoja. Tembea mpaka jua liwe begani, kulia au kushoto, au mbele yako kidogo. Mara nyingi picha iko hatua hamsini tu kutoka uliposimama.

Sababu ya tatu ni ya simu peke yake, na ndiyo inayowachanganya wengi, kwa kuwa walifika mapema, wakasimama vizuri, na bado picha ni bapa. Simu za siku hizi huunganisha picha kadhaa ili penye giza paonekane. Kwenye sebule ni msaada. Kwenye tuta, kivuli ndicho picha, na simu imekifuta. Zima HDR, ndilo jina la kazi hiyo, kama simu yako inaruhusu. Kisha bonyeza kwa muda mahali panapong'aa kwenye mchanga mpaka fokasi na mwanga vifungwe, na ushushe mwanga kwa kidole. Ukihariri baadaye, fanya ambayo programu haitakushauri: shusha vivuli badala ya kuvipandisha.

Dalili: tuta lina umbo, lakini viwimbi vya juu yake havionekani

Viwimbi vidogo vya mchanga hujipanga kukingama na upepo. Upepo ukitoka kusini, mistari yake inalala mashariki kwa magharibi. Sasa fikiria jua linalochomoza mashariki: linapita sambamba na mistari, kama mtu anayetembea kati ya safu za mahindi, na halitupi kivuli chochote. Mwanga ni mzuri, saa ni ileile, na viwimbi havipo.

Kabla ya kuweka kamera, nyoosha mkono mmoja kuelekea jua na mwingine ufuate mistari. Mikono ikifanya pembe mraba, piga. Ikielekea pamoja, tafuta mteremko mwingine, kwa sababu upepo hujipinda kuzunguka tuta na viwimbi hugeuka pamoja nao. Shela, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi pia, mimi hupata viwimbi vizuri zaidi jioni kuliko asubuhi. Asubuhi naiweka kwa migongo.

Dalili: mchanga mweupe umetoka wa kijivu, na mweusi pia umetoka wa kijivu

Hili ni kosa moja lenye nyuso mbili. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilichomo ndani ya fremu, kwa wastani, kina weupe wa kati. Kikiletewa mchanga wa Shela uliojaa jua, huona umezidi na kuufifisha. Kikiletewa majivu ya Olduvai huona yamepungua na kuyaangaza mpaka yawe kama saruji.

Kitufe cha +/– ndicho dawa. Mchanga mweupe: ongeza, anza na +1. Mchanga mweusi: punguza, anza na –1. Mchanga wa kahawia wa pale Mambrui, jirani na mlango wa Mto Sabaki unaoleta udongo wa bara, mara nyingi hauhitaji kuguswa. Usiamini kioo cha kamera juani. Kila kitu kinaonekana cheusi. Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, giza likiwa kushoto na weupe kulia. Kilima chake kisigonge ukuta wa kulia, kwa sababu mchanga uliopotea kwa weupe hauwezi kurudishwa, hata ukipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera.

Dalili: jua lilikuwa la dhahabu, picha ni ya baridi

Kamera iliyoachwa ichague rangi yenyewe imeona uwekundu mwingi, ikadhani ni kosa, ikauondoa. Weka WB, yaani mpangilio wa rangi ya mwanga, kwenye alama ya jua na uiache hapo asubuhi nzima. Kivuli kitatoka na ubuluu kidogo. Usiurekebishe: kivuli kinaangazwa na mbingu, na mbingu ni buluu. Dhahabu ya upande wa jua inaonekana dhahabu kwa sababu ubuluu ule uko jirani yake.

Dalili: ni kilima cha mita thelathini, kimeonekana kama lundo la fundi mwashi

Hakuna cha kulinganisha nacho. Viwimbi vya tuta dogo na vya tuta kubwa vina ukubwa uleule, kwa hiyo jicho halina pa kushika. Weka kitu ambacho kila mtu anajua kimo chake: punda, ngamia, mtu aliyevaa kanzu akipita juu ya mgongo. Mtu awe mdogo sana ndani ya fremu, mdogo kuliko unavyodhani inafaa, na awe mahali mgongo unapokutana na mbingu ili umbo lake lisomeke.

Mwombe kwanza. Mfugaji wa Kimasai anayepita Olduvai yuko nyumbani kwake. Sharqiya, wanawake wa Kibedui hawapigwi picha bila ruhusa ya wazi, hata kwa mbali. Salamu ya dakika mbili ndiyo iliyonipa picha zangu bora za jangwani.

Sababu nyingine ni lenzi. Lenzi pana hukisukuma nyuma kilicho mbali. Tuta linakuwa mstari na miguu yako inakuwa mandhari. Rudi nyuma na uvute kwa lenzi ndefu, milimita 100 hadi 200, au kwa simu tumia lenzi ya 2x au 3x kama ipo. Matuta yatapandana moja nyuma ya jingine kama migongo ya ng'ombe zizini. Na kama mbingu haina wingu hata moja, ikate. Ukanda mwembamba juu unatosha, au usiwepo kabisa.

Dalili: nyayo kila mahali

Kama nyayo ni za wengine, tatizo ni msimu na siku. Wakati kusi au kaskazi imeshika, usiku mmoja unatosha kufuta mchanga wote. Tanga mbili, upepo unapolegea na kubadilika, nyayo za juzi utazikuta. Oman angalia kalenda: mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, na magari hupanda matuta ya Bidiyah tangu Alhamisi jioni. Nenda katikati ya wiki, au baada ya usiku wa upepo.

Kama nyayo ni zako, na mara nyingi ni zako, basi umepita ndani ya picha kabla ya kuipiga. Zunguka kwa chini, upande ambao hutaupiga. Panda kwa joshini kwenye mchanga mgumu, usikanyage mgongo, na usishuke kwa demani mpaka uwe umemaliza kabisa, kwa sababu mguu mmoja pale unaangusha mchanga wa mita kadhaa. Tuta la Olduvai usilipande hata kidogo. Ni moja tu, na wanaokuja nyuma yako wametoka mbali pia.

Na Shela kuna jambo zito kuliko picha. Matuta yale ndiyo yanayonywa mvua na kuihifadhi, na maji matamu ya visima vinavyouhudumia mji wa Lamu yanatoka chini yake. Majani yanayotambaa juu ya mchanga ndiyo yanayoushika usiondoke. Nimeona watu wakiyang'oa ili fremu iwe safi. Tafadhali usifanye hivyo. Geuza kamera.

Dalili: ukungu ndani ya picha, madoa, au lenzi inayokwaruza

Haya matatu yanafanana kwenye kioo, lakini kila moja lina asili yake.

Ukungu unaoanza unapotoka nje na kupotea baada ya robo saa ni unyevu. Kamera imelala kwenye chumba cha kiyoyozi, ikakutana na hewa ya pwani. Usiifute kwa nguo. Iache ndani ya begi lililofungwa ipate joto taratibu, au bora zaidi, usiku iweke chumba kisicho na kiyoyozi.

Ukungu usioondoka ni chumvi ya bahari. Kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji matamu, kisha kikavu. Puliza mchanga kwanza kabla ya kufuta. Ukifuta kwanza, umesugua kioo kwa msasa.

Madoa meusi yanayokaa mahali palepale kwenye kila picha, hasa mbinguni, ni vumbi kwenye sensa, na limeingia ulipobadilisha lenzi. Mimi nilibadilisha mara moja tu juu ya tuta la Mambrui, upepo ukiwa mdogo, na fundi wa Mombasa aliitoa mchanga kamera ile kwa muda wa wiki nzima. Tangu siku hiyo nachagua lenzi moja kabla ya kuondoka na inakaa hapo. Chembe za mchanga husafiri kwa kurukaruka karibu na ardhi, nyingi chini ya goti, kwa hiyo begi usiliweke chini, na ukitaka kupiga ukiwa umelala, chagua dakika ambazo upepo umetulia. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Foronya ya pamba iliyofungwa kwa mpira inafanya kazi nzuri kuizunguka kamera.

Olduvai ongeza tahadhari moja. Mchanga ule una madini ya chuma na unavutwa na sumaku. Spika ya simu ina sumaku, na baadhi ya makava pia. Ukiiweka simu chini, chembe zinashikamana na haziondoki kwa kupuliza. Iache mfukoni au mkononi.

Dalili: picha haikukaza

Kama kamera inatafuta fokasi huku na huku bila kutulia, umeielekeza kwenye mchanga mtupu. Ielekeze kwenye mgongo, pale mwanga unapokutana na giza, ifunge, kisha upange fremu yako. Tumia tundu la lenzi la f/8 hadi f/11. Ukipita f/16, picha inaanza kulainika yenyewe.

Kama fokasi ni sahihi na bado kuna mtikisiko, tripodi inazama. Mchanga hukaa dakika moja au mbili ukishuka taratibu chini ya uzito. Panua miguu, ikandamize kwa nguvu mpaka igome, usubiri, ndipo upige kwa kipima muda cha sekunde mbili. Demani laini kabisa naweka kifuu cha nazi chini ya kila mguu, mdomo ukitazama chini. Havizami.

Dalili: mawingu yamefunga, au mchana umekukuta hapo

Kivuli hakipo, na hakuna kitufe cha kukirudisha. Acha matuta makubwa. Inama. Mchanga uliopigwa na mvua una vishimo vya matone na mabaka ya rangi mbili, pakavu na palipolowa, na mabaka hayo hayahitaji jua la pembeni kuonekana. Njia ya kaa. Shina moja la nyasi ambalo upepo umelizungusha likachora duara kamili kuzunguka mizizi yake. Piga kwa kuelekeza lenzi chini moja kwa moja, geuza iwe nyeusi na nyeupe ukipenda, na ikifika saa kumi jioni angalia magharibi. Wingu la Lamu mara nyingi hupasuka kabla ya magharibi, na ukiwa umeshachagua mgongo wako, dakika kumi za jua zinatosha.